Viti vya bunge na kura za vyama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya msingi

1. Tunaposema kwamba viti haviendani na kura, tunamaanisha nini?

Kwa kila chama tunaweka asilimia mbili kando kwa kando: asilimia ya kura halali ambazo wagombea wake wa ubunge walipata nchi nzima, na asilimia ya viti ambavyo chama hicho kilipata bungeni. Zikilingana, uwiano umetimia. Zikipishana, kuna chama kilichozidishiwa na kingine kilichopunjwa, kwa sababu idadi ya viti ni ile ile na kila kiti cha ziada upande mmoja kimetoka upande mwingine.

Uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 2024 unaonyesha pengo hilo waziwazi. Chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura na kikachukua viti 411 kati ya 650, yaani zaidi ya asilimia 63. Reform UK ilipata asilimia 14.3 ya kura na viti 5 tu, ilhali Liberal Democrats, waliopata asilimia 12.2, walipewa viti 72. Kati ya vyama hivi viwili vya mwisho, kilichokuwa na kura chache ndicho kilichopata viti zaidi ya mara kumi na nne ya mwenzake. Vyombo vya habari vilizungumzia ushindi wa kishindo, na kilikuwa kishindo kweli, ila kishindo cha viti.

2. Je, pengo kama hilo ni ushahidi wa wizi wa kura?

Hapana. Wizi wa kura hubadili idadi ya kura zenyewe, wakati pengo tunalolizungumzia hutokea baada ya kura kuhesabiwa kwa uaminifu, pale kanuni zinapozigeuza kuwa viti. Hayo ni malalamiko ya aina mbili, na dawa zake ni mbili. Kinyume chake pia ni kweli, na watu hukisahau: viti vinavyolingana kabisa na kura zilizotangazwa havithibitishi kwamba kura hizo zilikuwa halali, kwa maana kura ya bandia iliyoingizwa sandukuni hugeuzwa kuwa kiti kwa hesabu ile ile.

3. Inawezekanaje chama kimoja kichukue viti vyote?

Chukua nchi yenye majimbo 8, kila jimbo likitoa mbunge mmoja, na mwenye kura nyingi kuliko wengine ndiye mbunge, hata kama hakufikisha nusu. Chama A kina asilimia 46 ya wapiga kura, B kina 31, C kina 15 na D kina 8. Ikiwa wafuasi wa vyama hivi wametawanyika kwa kiwango kile kile katika kila jimbo, A atashinda jimbo la kwanza kwa 46 dhidi ya 31, la pili vivyo hivyo, hadi la nane. Asilimia 54 ya wapiga kura hawatakuwa na mbunge hata mmoja wa chama chao, na hakuna karatasi iliyochezewa.

Hali hii imetokea mara nyingi. Nchini Lesotho, mwaka 1998, chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. Chama cha BNP, chenye karibu robo ya kura, kiliambulia kiti kimoja. Maandamano yaliyofuata yalifikia kiwango cha majeshi ya Afrika Kusini na Botswana kuingia nchini humo, na sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Maseru ikachomwa. Nchini Mauritius, muungano mmoja umenyakua viti vyote 60 vya kisiwa kikuu katika chaguzi za 1982, 1995 na 2024, na kila mara zaidi ya robo ya wapiga kura walikuwa wamechagua upande mwingine.

4. Kwa nini vyama vyenye kura zinazokaribiana hupata viti tofauti mno?

Kwa sababu katika majimbo ya mbunge mmoja, mahali kura zinapokaa huwa na uzito sawa na wingi wake. Mwaka 1993 chama cha Progressive Conservative cha Kanada, kilichokuwa madarakani, kilipata asilimia 16 ya kura zilizosambaa nchi nzima na kikabaki na viti 2. Bloc Québécois ilipata asilimia 13.5, lakini ilisimamisha wagombea katika jimbo kuu la Québec peke yake, na kura zake zilizorundikana huko zikaleta viti 54 na hadhi ya kuwa upinzani rasmi.

Kwa chama kidogo, basi, kutawanyika ni msiba na kujikusanya sehemu moja ni neema. Kwa chama kikubwa mambo hugeuka: kikijikusanya kupita kiasi hushinda majimbo machache kwa asilimia 80, na kura zote zinazozidi zile za kumpita wa pili hazinunui chochote.

5. Je, chama kinaweza kushindwa kwa kura na bado kikashinda kwa viti?

Ndiyo. New Zealand ilishuhudia jambo hilo mara mbili mfululizo, 1978 na 1981. Katika uchaguzi wa pili, Labour iliishinda National kidogo kwa kura lakini ikapata viti 43 dhidi ya 47, huku Social Credit, chenye zaidi ya asilimia 20 ya kura, kikipata viti 2.

Mfano wenye madhara makubwa zaidi ni wa Afrika Kusini mwaka 1948, katika uchaguzi ambao tayari uliwanyima Waafrika walio wengi haki ya kupiga kura. United Party ilipata takriban asilimia 49 ya kura na viti 65. National Party ilipata karibu asilimia 38 na viti 70, na pamoja na viti 9 vya mshirika wake ikaunda serikali iliyoleta ubaguzi wa rangi wa kisheria. Kura za United Party zilirundikana mijini, na sheria iliruhusu majimbo ya mashambani yawe na wapiga kura wachache kuliko ya mijini.

Msomaji asidhani kwamba ni majimbo ya mbunge mmoja pekee yanayozaa kioja hiki. Malta hutumia majimbo ya wabunge watano na kura inayohamishwa kufuata mpangilio wa chaguo la mpiga kura, na bado mwaka 1981 chama cha Nationalist kilipata karibu asilimia 51 ya kura na viti 31, huku Labour ikichukua viti 34. Katiba ilirekebishwa mwaka 1987 ili chama chenye zaidi ya nusu ya kura kiongezewe viti hadi kiwe na wabunge wengi.

## Jinsi kura zinavyogeuzwa kuwa viti

6. Katika mfumo wa uwiano, viti hugawanywaje?

Kila jimbo hutoa wabunge kadhaa, vyama huwasilisha orodha za wagombea, na viti hugawanywa kulingana na kura za kila orodha. Ugumu ni kwamba kiti hakikatwi vipande. Turudi kwa vyama vyetu vinne vya swali la 3, safari hii vikiwania viti 8 katika jimbo moja kubwa lenye kura 100,000. Kwa haki kamili, A angestahili viti 3.68, B 2.48, C 1.2 na D 0.64. Nani apewe sehemu zinazobaki?

Kanuni ya Victor D'Hondt, Mbelgiji wa karne ya 19, hugawanya kura za kila chama kwa 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea, halafu viti huenda kwa majibu makubwa zaidi. Majibu manane ya juu yatakuwa 46,000 (A), 31,000 (B), 23,000 (A), 15,500 (B), 15,333 (A), 15,000 (C), 11,500 (A) na 10,333 (B). Matokeo: A viti 4, B viti 3, C kimoja, D hakuna.

Kanuni ya Mfaransa André Sainte-Laguë hugawanya kwa namba witiri: 1, 3, 5, 7. Sasa majibu ya juu ni 46,000 (A), 31,000 (B), 15,333 (A), 15,000 (C), 10,333 (B), 9,200 (A), 8,000 (D) na 6,571 (A). A anabaki na viti 4, lakini kiti cha tatu cha B kimehamia kwa D. Hakuna mpiga kura hata mmoja aliyebadili mawazo. D'Hondt huelekea kuwapendelea wakubwa, na hutumika Hispania miongoni mwa nchi nyingine. Sainte-Laguë, inayotumika Ujerumani na New Zealand, haina upendeleo huo.

7. Kwa hiyo kanuni ya kugawa ndiyo jambo lenye uzito zaidi?

Mijadala mingi hukwama hapo, lakini jibu ni hapana. Kanuni ya kugawa huhamisha kiti kimoja au viwili pembezoni. Idadi ya viti katika kila jimbo ndiyo inayoamua kama uwiano utakuwepo. Jimbo la kiti kimoja haliwezi kuwa na uwiano kwa kanuni yoyote ile, kwa kuwa kitu kimoja hakina wa kugawana naye.

Uholanzi huhesabu kura za viti vyote 150 kama jimbo moja, na chama chenye takriban asilimia 0.67 ya kura hupata kiti. Hispania ina kanuni ya uwiano kwenye karatasi, lakini viti 350 vimegawanywa katika majimbo 52. Madrid ilikuwa na viti 37 katika uchaguzi wa 2023, na humo uwiano ni mzuri. Soria ilikuwa na viti 2, na humo chama chenye asilimia 20 kwa kawaida hutoka mikono mitupu. Mbali zaidi ilikuwa Chile, ambako hadi mageuzi ya mwaka 2015 kila jimbo lilitoa wabunge wawili, na orodha ya kwanza haikuweza kuchukua vyote viwili isipokuwa iwe na kura maradufu ya orodha ya pili. Kwa maneno mengine, asilimia 60 na asilimia 35 zililipwa sawasawa.

8. Kizingiti ni nini, na kina madhara gani?

Ni kiwango cha chini cha kura ambacho chama lazima kikifikie ili kihesabiwe katika mgao wa viti. Nia yake ni kuzuia bunge lenye utitiri wa vyama vidogo. Gharama yake ni kura za walio chini ya mstari, ambazo viti vyake huchukuliwa na waliovuka.

Kizingiti kikiwa cha juu, gharama hiyo hutisha. Uturuki ilikuwa na kizingiti cha asilimia 10 mwaka 2002, na vyama viwili tu vilikivuka. AKP ilipata viti 363 kati ya 550 kwa asilimia 34.3 ya kura, na takriban asilimia 45 ya kura zote zilikwenda kwa vyama visivyoingia bungeni. Huo ni mfumo wa uwiano uliozaa matokeo yanayofanana na ya Uingereza. Kizingiti hicho kilishushwa hadi asilimia 7 mwaka 2022. Hata kizingiti cha kawaida huuma: nchini Ujerumani mwaka 2025, chama cha BSW kilipata asilimia 4.98 na kikakosa asilimia 5 kwa kura zisizofikia 10,000. Afrika Kusini haina kizingiti cha kisheria, na mwaka 2024 ANC ilipata asilimia 40.2 ya kura na viti 159 kati ya 400, yaani asilimia 39.75.

9. Je, mfumo mchanganyiko huziba pengo?

Mfumo mchanganyiko ni ule wenye wabunge wa majimbo na wabunge wa orodha za vyama kwa pamoja. Inategemea ni mchanganyiko wa namna gani, na hapa ndipo wananchi hupotoshwa mara nyingi, wakati mwingine kwa makusudi. Katika mchanganyiko wa kufidia, viti vya orodha hupewa kwanza vyama vilivyopunjwa majimboni, hadi jumla ya viti vya kila chama ikaribie kura zake. Katika mchanganyiko wa sambamba, viti vya orodha hugawanywa peke yake bila kutazama yaliyotokea majimboni, kwa hiyo aliyezidishiwa majimboni hupata fungu lake la orodha vilevile, na pengo hupungua tu bila kuzibika.

Lesotho ilichagua kufidia. Mwaka 2002, kwa majimbo 80 na viti 40 vya fidia, LCD ilishinda majimbo 77 na haikupewa kiti cha fidia hata kimoja, huku BNP ikipata 21. Miaka mitano baadaye, mwanya ukapatikana: LCD ilisimamisha wagombea wa majimbo na kuwaelekeza wafuasi wake waipe chama mshirika, NIP, kura ya orodha. Kwa kuwa NIP haikuwa na jimbo lolote, kwa hesabu ilionekana imepunjwa, ikapewa viti 21, juu ya majimbo 61 ya LCD. Korea Kusini ilikumbwa na mbinu ya aina hiyo mwaka 2020, vyama vikuu vyote viwili vilipounda vyama vya kando kwa ajili ya viti vya orodha. Dawa inayojulikana ni kumpa mpiga kura kura moja tu inayohesabiwa jimboni na kwenye orodha, na Lesotho iliitumia baadaye.

10. Na viti maalum?

La kuuliza ni kama vinagawanywa kwa kura au kwa viti. Nchini Tanzania, viti maalum vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge kati ya vyama vilivyopata angalau asilimia 5. Nchini Kenya, wabunge 12 wa kuteuliwa katika Bunge la Taifa hugawanywa kwa kufuata idadi ya viti ambavyo vyama vimeshapata. Njia ya kwanza hupunguza pengo. Ya pili hulirudia pengo lilivyo, kwa kuwa aliyezidishiwa majimboni huzidishiwa tena.

Hata hivyo, njia ya kwanza ni mchanganyiko wa sambamba (swali la 9). Tuseme viti maalum ni robo ya bunge, na chama chenye asilimia 30 ya kura hakikupata jimbo hata moja. Kitapata takriban asilimia 30 ya robo hiyo, yaani kama asilimia 7.5 ya bunge zima. Ni afadhali kuliko kutoka kapa, lakini kingali mbali na 30.

11. Mipaka ya majimbo inahusikaje?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni majimbo kutolingana kwa idadi ya watu, kiasi kwamba kura ya jimbo dogo ina thamani kuliko ya jimbo kubwa. Katiba nyingi huweka ukomo wa tofauti hiyo: ya Kenya inaruhusu asilimia 40 juu au chini ya wastani kwa miji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko, ambayo kwa maoni yangu ni nafasi pana mno.

Njia ya pili ni kuchora mipaka kwa hila, wapinzani warundikwe katika majimbo machache au watawanywe wawe wachache kila mahali. Mbinu hii ilihusishwa na jina la Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts aliyetia saini ramani ya namna hiyo mwaka 1812, na ni ya hatari kwa kuwa majimbo yanaweza kulingana kabisa kwa watu na bado ramani ikawa ya dhuluma. Katika mfumo wa uwiano wenye majimbo makubwa, mchoraji wa mipaka hana kazi kubwa ya kufanya.

## Kupima pengo

12. Pengo hupimwa vipi kwa namba moja?

Kipimo rahisi hujumlisha tofauti kati ya asilimia ya kura na ya viti kwa vyama vyote, bila kujali ni ziada au pungufu, kisha hugawanya kwa 2. Jibu ni asilimia ya viti vilivyoketi mahali pasipo pake. Kinachotumiwa zaidi ni cha Michael Gallagher: kila tofauti huzidishwa yenyewe kwa yenyewe, jumla hugawanywa kwa 2, halafu hutafutwa kipeuo cha pili. Faida yake ni kwamba tofauti moja kubwa huonekana nzito kuliko tofauti ndogo nyingi.

Kwa mgao wa D'Hondt katika swali la 6, tofauti ni 4, 6.5, 2.5 na 8. Zikizidishwa zenyewe hutoa 16, 42.25, 6.25 na 64. Jumla ni 128.5, nusu yake 64.25, na kipeuo chake cha pili ni takriban 8. Kwa Sainte-Laguë jibu ni takriban 6.3, na kwa ushindi wa viti vyote wa swali la 3 ni karibu 45.6. Kwa chaguzi halisi za mwaka 2024, Uingereza hupita 23 na Afrika Kusini haifiki 1.

13. Waliopita bila kupingwa huhesabiwaje?

Vibaya. Mgombea aliyepita bila kupingwa huleta kiti bila kura, hivyo chama chake huonekana kimezidishiwa, na wapinzani wa jimbo hilo hawaonekani popote. Majimbo hayo yakiwa mengi, ni heri yatengwe kabla ya kupiga hesabu na idadi yake itajwe kando.

14. Je, namba nzuri ina maana kwamba wapiga kura wamewakilishwa walivyotaka?

Si lazima. Kipimo hutazama kura zilizopigwa, na hakijui kura ambazo zingepigwa. Katika majimbo ya mbunge mmoja, mfuasi wa chama cha tatu hujua kura yake itapotea, na mara nyingi humpa mmoja wa wawili wenye nafasi. Kura yake huonekana kuendana na kiti, kumbe ameshapunjwa kabla ya kuingia kituoni. Mfumo ukibadilishwa, vyama vidogo huongezeka kura ghafla, ishara kwamba wafuasi wao walikuwepo muda wote.

15. Je, uwiano wa viti ni uwiano wa nguvu?

La. Katika bunge la viti 100 ambamo vyama vina 49, 49 na 2, hakuna anayefikisha 51 peke yake, na wawili wowote kati yao wanatosha. Kwa hesabu ya kuunda serikali, mwenye viti 2 ana nguvu sawa na mwenye 49. Wanaoupinga mfumo wa uwiano hutumia hoja hii, nami naiona kuwa hoja yao nzito kuliko ile ya serikali za mseto kuyumba, kwa sababu yumbayumba hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Ugiriki hujaribu kuikwepa kwa kumpa mshindi wa kwanza viti vya nyongeza, hadi 50 kati ya 300. Basi pengo huwa limewekwa kwa sheria, kwa kiasi kinachojulikana kabla ya kura kupigwa.

16. Mbunge akihama chama, au kukiwa na uchaguzi mdogo, hesabu hubadilika?

Hesabu ya uchaguzi mkuu haibadiliki, kwa kuwa hupigwa kwa matokeo ya siku ile. Bunge lenyewe hubadilika, na katika nchi ambako mbunge huruhusiwa kuhama na kiti chake, uwiano uliopatikana kwa shida waweza kuyeyuka ndani ya muhula mmoja bila mwananchi kuulizwa. Kiti cha orodha kikibaki wazi, kwa kawaida anayefuata kwenye orodha ya chama hicho huingia. Kiti cha jimbo hurudi kwa wapiga kura, na chama chochote chaweza kukichukua.